Kipande cha Katikati

Oktoba mwaka 2011 nilimshuku mzee wa watu kwamba anaiba bolti.

Nilikuwa na miaka 23, nimetoka kumaliza cheti cha uhasibu Dodoma mjini, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kutunza stoo kwenye shamba la ng'ombe wilayani Kongwa. Stoo yenyewe ilikuwa kontena la bati lililowaka kama tanuri kila ilipofika saa sita mchana. Ndani mlikuwa na dawa ya kupe, magunia ya pumba, marobota ya senyenge, na daftari langu, ambalo nililiheshimu kuliko vyote. Siku ya kuripoti bosi aliniambia, "Hapa kitu hakipotei. Kikipotea, kinatoka kwenye mshahara wako." Sikusahau.

Mwaka ule tulikuwa tunazungushia uzio malisho mapya. Kilomita tatu, nguzo kila baada ya mita tano: mashimo 600, kila moja lishuke sentimita 70. Kuchimba kwa mtaimbo udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ni adhabu, ndiyo maana bosi alileta mashine ya mtumba kutoka Uingereza, keekee kubwa ya inchi tisa inayofungwa nyuma ya trekta na kuzungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta, kupitia giaboksi. Haikuja na kitabu. Ilikuja na kutu.

Dereva alikuwa mzee wa Kigogo, mtu wa maneno machache, na utingo wake kijana wa rika langu. Siku ya kwanza mzee aliomba bolti mbili. Siku ya pili tano. Juma lilipoisha nilikuwa nimeshatoa bolti 19, zote za namba 12, zote kwa kazi moja iliyoandikwa "shia". Sikujua shia ni nini na niliona aibu kuuliza. Kwangu mimi bolti ilikuwa kitu unachokifunga kikafungika. Bolti tano kwa siku kwenye tundu moja, niliona ni hadithi ya sungura na fisi, na fisi ni mimi.

Nikaweka utaratibu: hupewi bolti mpya mpaka urudishe iliyovunjika. Mzee hakubisha. Kesho yake jioni alinimwagia mezani mfuko wa rambo wenye vichwa vinne, na mikia minne ikiwa na nati zake. Nikachukua rula. Bolti niliyotoa ilikuwa na urefu wa sentimita nane. Kichwa na mkia nikiviunganisha napata nne na nusu tu.

"Mzee, hapa kuna nusu bolti. Nusu nyingine iko wapi?"

"Iko katikati."

"Katikati ya nini?"

Alinitazama kama mtu anayetazama ndama aliyezaliwa na miguu mitano. "Kesho panda trekta, Stoo. Ukaione."

Nikajua ananicheza shere.

Asubuhi tulisalimiana mbukwa, mbukwa, nikapanda juu ya madigadi ya tairi la nyuma na daftari langu kwapani. Njiani mzee alinionyesha kwa kidevu uwanda wa vichaka na mibuyu upande wa kushoto. Huko, alisema, baba yake alifanya kibarua enzi za mpango wa karanga. Wengi tumeusoma shuleni: mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa, mengine yakiwa yametengenezwa kutoka vifaru vya vita, wakakusudia kulima karanga nchi nzima ile. Mvua ikiisha udongo wa pale unakaza kama saruji. Majembe ya trekta yalichakaa, karanga zikagoma kutoka ardhini, na ilipofika 1951 mpango ukafungwa. "Udongo huu ulimshinda mwenye vifaru," mzee alisema. "Nyinyi mnataka uchimbike kwa bolti ya shilingi mia saba."

Shimo la sita ndilo lililokwama. Nilisikia *tak!* moja kavu, kama mtu kavunja mfupa wa mbuzi, na keekee ikasimama huku shafti ikiendelea kuzunguka. Hapo hapo mzee alikuwa ameshakanyaga klachi. Akakata PTO, akazima injini, akachomoa ufunguo na kuutia mfuko wa shati. Mpaka hapo hakuna aliyeruhusiwa kusogea. Utingo aliniambia kwamba siku moja yeye aliwahi kusogea mapema, akala kofi.

Sasa nikaoneshwa. Shafti ya PTO inaishia kwenye shingo ya chuma, na shingo hiyo imeuvaa mhimili wa giaboksi kama kofia. Kinachovifungisha ndoa hivyo viwili ni bolti moja tu, imepita shingo, ikapita mhimili, ikatokea shingo upande wa pili. Keekee ikibanwa na mzizi au jiwe, mhimili unasimama. Shingo haina habari, bado inasukumwa na trekta zima. Basi bolti inakatwa sehemu mbili kwa mpigo; kukatwa huko ndiko shia. Kichwa kinabaki huku, mkia kule, na kipande cha katikati kinabaki kimelala ndani ya mhimili, shingo imekifunika, hukioni.

Kukitoa ndiyo kazi. Mzee aligeuza shingo kwa mkono, polepole, jicho moja limefumbwa, akitafuta tundu la shingo lilingane na la mhimili. Alitumia njiti ya ufagio kupapasa. Njiti ikigonga ukuta laini wa mhimili, bado. Ikizama kidogo halafu ikagota kwenye kitu chenye mikwaruzo, hicho ndicho. Akaweka panchi, akaomba nyundo ndogo, akagonga kwa upole kama anayebisha hodi kwa mkwewe. Alisema ukigonga kwa hasira kipande kinatanuka mdomo ndani ya tundu, na utalala porini. Akanipa nyundo. Nikagonga kidole gumba changu mara moja, panchi mara nne, na kipande kikaangukia vumbini.

Nilikiokota. Kilikuwa bado na joto, kifupi kama kishungi cha sigara, ncha zote mbili zimekwanguliwa zikang'aa. Nikakipima kwa rula pale pale, Mungu anisamehe. Sentimita tatu na nusu. Mzee alipaka mhimili grisi ili siku shingo itakapozunguka peke yake isiule, akaingiza bolti mpya, akaikaza kwa spana namba 19. Ikilegea, alisema, inagongwagongwa na kufa kabla ya wakati wake. Injini ikawaka, chini chini tu, na kila keekee iliposhuka shibiri moja aliipandisha ikapukute udongo.

Kwa hiyo haibi. Hilo lilinitoka moyoni. Lakini kichwa changu kilikuwa cha uhasibu, na hesabu ya bolti 19 kwa juma ilikuwa bado inaniwasha. Nikaona nimeshaupata ugonjwa: bolti ni laini. Na dawa yake naijua.

Jumamosi nilikwenda Kibaigwa. Watu wanakujua kwa soko la mahindi, lakini nyuma ya maghala, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, kulikuwa na maduka ya vipuri. Muuzaji alicheka aliposikia tunatumia zile zilizoandikwa 4.6 kichwani. "Hizo za kufungia vitanda, kaka! Chukua hizi." Kichwani ziliandikwa 8.8. Miaka mingi baadaye ndipo nilikuja kuelewa namba zile: ya kwanza ukiizidisha kwa mia unapata niutoni ambazo kila milimita moja ya mraba inahimili kabla ya kukatika. Mia nne kwa zile za mzee, mia nane kwa zangu. Siku ile nilichoelewa ni kwamba nane ni kubwa kuliko nne. Nikanunua kumi, shilingi 1,500 kila moja, nikarudi napiga mluzi.

Jumatatu mzee hakuwepo, alikuwa na msiba Mpwapwa. Utingo ndiye aliyeshika usukani. Nilipompa bolti yangu aliigeuzageuza.

"Mzee kasema zile zile za siku zote."

"Mzee hanunui bolti. Nanunua mimi."

Hayo maneno niliyasema mimi, kwa mdomo wangu.

Mashimo 31 yalichimbwa bila kusimama. Nilikuwa nyuma naandika, kila shimo alama, nikijiona nimeuokoa uzio. Shimo la 32 keekee ilishika kitu. Injini ikaguna. Bolti haikukatika, kwa hiyo keekee nayo haikuachia. Ikajisokota kwenda chini kama skrubu, mgongo wa trekta ukavutwa nayo, nami nikiwa nimeinama hatua tano tu nikinyoosha kamba ya vigingi. Kisha ukatokea mlio ambao sitaufananisha na kitu. Krosi, kile kiungo cha msalaba cha shafti, ilipasuka. Shafti ikaruka upande mmoja, ikapiga mkono wa kunyanyulia, ikapiga tena, vumbi likafunika kila kitu mpaka kijana alipofikia klachi.

Hakuna aliyeumia. Kijana alishuka, akakaa chini ya mgunga, akaomba maji, na hatukusemeshana mpaka alipoyamaliza.

Bolti niliifungua mwenyewe. Ilikuwa nzima, imepinda kiasi cha unywele. Keekee tuliitoa kwa spana ya bomba na mtaimbo, tukiizungusha kinyume robo kwa robo, tangu adhuhuri hadi magharibi.

Mzee aliporudi aliizunguka mashine mara mbili. Nilisubiri anikaripie. Aliuliza tu krosi ni bei gani. Ilikuwa elfu arobaini na tano na siku nne za kusubiri iletwe kutoka Dodoma. Ya bosi sitayaeleza sana, isipokuwa amri yake ya mwisho: hatoi hata senti ya bolti nyingine mpaka zile tisa zilizobaki ziishe, na uzio ukamilike kabla ya mvua za Desemba.

Tukatazamana, mzee na mimi. Zile tisa haziwezi kutumika na lazima zitumike.

Asubuhi yake alikuja stoo, akafunga bolti moja kwenye jiliwa, akaikwangua kwa msumari mistari miwili pale shingo inapokutana na mhimili. "Leta msumeno wa chuma," alisema. Nikauleta. Akanirudishia. "Kata. Zunguka mstari, milimita moja na nusu, usizidishe. Si kazi nzuri hii, mwanangu. Ni ya kuvukia tu."

Bolti mpya, tena za bei, nilizopanda gari kuzifuata, nikazikata kwa mkono wangu zidhoofike. Chuma kile kilikuwa kigumu kweli, muuzaji hakunidanganya. Viganja vilitoka malengelenge, na mabapa mawili ya msumeno yaliisha meno. Nilijiandikia mwenyewe kwenye daftari: mabapa mawili, yametolewa kwa mtunza stoo.

Mkono wangu ulizidisha. Ya kwanza ilikatika kwenye shimo la tatu, ya pili ikafika la tano, ya tatu sijui ilifika wapi kwa sababu nilikuwa nimerudi kwenye kontena langu kupokea pumba. Jioni mzee akaingia na mfuko wa rambo. Hakumwaga kama siku ile. Alitoa kimoja kimoja, kila kipande kimefutwa kwa mafuta ya taa, akavipanga kwa safu mbele ya daftari, akavuta debe akakaa.

"Hesabu, Stoo."

Nikahesabu. Vichwa vitatu, mikia mitatu, vya katikati vitatu.