Mtu wa Mwisho Chumbani

Jana usiku nilirudi Arkham. Gemu la video la Batman: Arkham Asylum nimeshalimaliza mara mbili na siri nyingi za kile kisiwa nazijua, lakini wiki hii imenielemea, na nikielemewa huwa natamani kukaa juu nikatazama chini bila kuonekana na mtu.

Waliocheza gemu hili wanajua huko juu ni wapi. Ni kwenye yale masanamu ya mazimwi yaliyotokeza ukutani karibu na dari, ambako Batman hujikunyata huku joho limemfunika mwili mzima. Chini yake wanaume kadhaa wanazunguka na bunduki. Wakimwona, risasi chache zinatosha kummaliza, kwa hiyo ubabe hausaidii kitu. Unanyamaza na kuhesabu. Yupi anatembea peke yake? Yupi ana tabia ya kugeuka ghafla? Ukibonyeza kitufe cha jicho la upelelezi, rangi zote zinabadilika, kuta zinakuwa kama kioo, na unaona mifupa ya kila mtu ikitembea: wenye bunduki wekundu, wasio nazo wa buluu.

Mapigano ya mikono nayapenda pia, tena sana. Rocksteady, studio ya London iliyolitengeneza gemu hili, ilikuwa na gemu moja tu nyuma yake ilipolitoa mwaka 2009, na bado ilikuja na namna ya kupigana ambayo magemu mengi ya mashujaa yaliiga baadaye. Kitufe kimoja cha kupiga, kimoja cha kukinga na kurudisha, kimoja cha kumchanganya adui kwa joho. Mwanzoni nilikuwa nabonyeza kwa pupa, kidole hakipumziki, na kila mara kombo, ule mfululizo wa ngumi, ilikatika. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba kila ngumi inataka mbonyezo mmoja tu, na unatakiwa ule wakati ngumi iliyotangulia inapotua. Ni kama kupiga ngoma: ukiwahi umeharibu, ukichelewa umeharibu. Mwenye kisu lazima umchanganye kwanza kwa joho, mwenye rungu la umeme lazima umruke umpige kwa nyuma, na wakati huo huo vile vimistari kama vya radi vinamulika juu ya kichwa cha mwingine anayekuja mgongoni. Siku mambo yanapokaa sawa, dole gumba linajua kabla yangu.

Lakini kinachonirudisha ni kule juu.

Siku moja nilikuwa nacheza na mdogo wangu wa kike amekaa pembeni yangu, magoti kifuani. Yeye hachezi, anapenda kutazama. Nilikuwa nimeshawaangusha wote chumbani isipokuwa mmoja. Wawili niliwanyemelea kwa nyuma, mmoja nilimtokea kutoka kwenye wavu wa sakafuni nilikojificha, mwingine nilimshukia kichwa chini miguu juu kutoka kwenye sanamu nikamwacha ananing'inia kwa kamba. Na yule aliyening'inia nilimfanyia ufundi wangu nilioupenda: nilisubiri mwenzake afike chini yake, nikaikata kamba kwa batarang, ile silaha yake ya kurusha yenye umbo la popo, mwili ukaanguka puu. Mwenzake aliruka kwa woga. Nilicheka.

Sasa akabaki huyo mmoja. Jicho la upelelezi huonyesha mapigo ya moyo ya kila adui na hali yake. Wanaanza wakiwa watulivu, wenzao wakianza kupotea wanaingiwa na wasiwasi, na mwisho wanashikwa na hofu kabisa. Huyu mapigo yalikuwa yanakwenda mbio. Alikuwa anarudi kinyumenyume, anageuka, anapayuka, anapiga risasi gizani pasipo na mtu. Kwenye vipaza sauti Joker, adui mkuu wa Batman na bosi wa hawa wenye bunduki, alikuwa anamdhihaki, mtu wake mwenyewe, anamkumbusha kwamba amebaki peke yake. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, huyo anaongea na nani?"

Nikamwambia anaongea na mimi.

"Mbona sasa hummalizi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafaidi. Nilikuwa nimeshapata nafasi ya kumwangusha mara tatu au nne na kila mara nikahamia sanamu nyingine ili nimwone akihangaika zaidi. Swali la mtoto lilinikaa kooni. Nikashuka, nikampata kwa nyuma, nikamlaza. Tuliendelea kucheza, lakini ule mstari wa mapigo ya moyo sikuusahau.

Tangu siku hiyo nalitazama gemu lote kwa jicho jingine, na nadhani hata waliolitengeneza walitaka mtu afike hapo, kwa sababu hofu humu ndani haiendi upande mmoja. Kuna adui anaitwa Scarecrow, anapuliza gesi inayomfanya mtu aone anachokiogopa kuliko vyote. Mara ya pili anapokukamata, unatembea kwenye ukumbi mrefu wa jumba la kale, na mvua inaanza kunyesha ndani ya nyumba. Kuta zinabadilika polepole, zinakuwa kichochoro, kile ambacho wazazi wa Bruce Wayne, ndiye Batman mwenyewe, waliuawa mbele yake akiwa mtoto. Unajaribu kukimbia, huwezi. Gemu limekunyang'anya mbio, ngumi, kamba, kila kitu. Unachoweza ni kusukuma mbele tu. Halafu unagundua kwamba unayemtembeza ni mtoto. Joho halipo. Ni mvulana mdogo anayetembea peke yake kwenye mvua.

Hapo niliweka kontrola mapajani nikakaa kidogo. Dakika chache nyuma yake nilikuwa naruka dari hadi dari nikiwatisha watu wazima wenye silaha, na sasa naonyeshwa huyo mtishaji wao alitokea wapi. Alikuwa yeye ndiye wa mwisho aliyebaki kichochoroni.

Mara ya tatu ya Scarecrow iliniingia mimi mwenyewe, mchezaji. Picha kwenye skrini ilianza kukwamakwama, ikajaa takataka za rangi, sauti ikakatika, halafu gemu likaanza upya kana kwamba mashine imezima na kuwaka. Moyo ulinipasuka. Nilifikiri mashine imekufa na kazi yangu yote imepotea, nikanyoosha mkono kuzima umeme. Kisha nikaona kwamba ile picha ya ufunguzi, Batman akimleta Joker kwa gari, imepinduliwa: aliyeshika usukani ni Joker, na aliyefungwa ni Batman. Joker anamfyatulia risasi, skrini ya kushindwa inatokea, na chini yake kuna ushauri kwamba utumie kijiti cha katikati kukwepa risasi. Nilitazama kontrola yangu. Kijiti cha katikati hakipo! Hakijawahi kuwepo. Walikuwa wamenipulizia gesi mimi niliyekaa sebuleni. Sijawahi kukutana na gemu jingine lililonitia hofu kwa ujanja mzuri kiasi hicho, na nawaheshimu kwa hilo mpaka leo.

Gemu lililofuata, Arkham City la mwaka 2011, lilinigeuzia kibao kwa namna nyingine. Mr. Freeze, adui mwenye bunduki ya kugandisha, anakuwinda chumbani, na kila mbinu unayomtandika nayo anaijifunza papo hapo. Ukimshukia kutoka juu mara moja, haikubali tena. Ukimtokea kwenye wavu wa sakafuni, basi na hiyo imekwisha. Nilikuwa najificha nyuma ya mashine nikimsikia anakuja na hatua zake nzito, na nikawaza: hivi ndivyo anavyojisikia yule wa mwisho. Kufa na kupona, na bunduki mkononi haina maana kwa sababu hujui uielekeze wapi.

Kuna kitu kimoja kilichonishikilia muda wote huu, sauti. Batman wa magemu haya mawili ni Kevin Conroy, aliyeanza kumsemea Batman mwaka 1992 kwenye katuni za televisheni, akafariki Novemba 2022 akiwa na miaka 66. Zamani sauti yake niliisikia tu kama sauti ya mtu mkali. Sasa naisikiliza kwa makini, na nasikia mtu asiyepandisha sauti. Mark Hamill, aliyemsemea Joker humo, anapanda na kushuka, anacheka, anaimba maneno, anapiga kelele. Conroy anabaki pale pale chini. Hata akiwa amezungukwa, hata baada ya ile mvua na kile kichochoro, anasema neno lake fupi na kuendelea. Habari za kifo chake zilipotoka niliwasha gemu nikamwacha amesimama tu juu ya mnara, upepo unapeperusha joho, nikasubiri aseme chochote.

Sasa jana. Nilifika kwenye ile hatua ambayo majambazi wamevishwa kola shingoni, ukimwangusha mmoja kola inalia na wengine wanakuja mbio kuangalia. Hapo lazima upige na kupotea, hakuna kukaa kutazama matunda ya kazi yako. Mdogo wangu alikuja akakaa pale pale pake, amekua sasa, miguu haikunjiki tena kama zamani. Nilifanya kazi yangu polepole, kola moja baada ya nyingine, nikihama kabla vumbi halijatua, mpaka akabaki yule wa mwisho. Alianza kupiga risasi hewani. Mstari wa mapigo ukapanda.

Sikuzunguka. Nilimsubiri ageuke mara moja tu, nikashuka nyuma yake, nikamkaba shingo taratibu mpaka mikono ikalegea, nikamlaza sakafuni. Mdogo wangu akainama karibu na skrini.

"Yuko hai?"

Nikabonyeza jicho la upelelezi nikamwonyesha: amezimia tu, na moyo wake ulikuwa bado unapiga.