Ukuta wa salo na mtu aliye juu ya mti

Tulihamia nyumba yetu mwezi wa nane, wakati ule wa Lubumbashi, mji wetu huku kusini mwa Kongo, ambapo asubuhi unavaa sweta, mchana unalivua, na vumbi jekundu linaingia hata kwenye sanduku lenye kufuli. Tumejenga miaka tisa. Kuna mwaka wa matofali, kuna mwaka wa mabati, na kuna mwaka ambao hatukununua hata mfuko mmoja wa saruji. Jioni ya kwanza mtoto wangu wa kiume, ana miaka saba, alisimama katikati ya salo, yaani sebule, akapiga kelele, "Eee!" Kuta zikamjibu. Akafurahi, akarudia mpaka baba yake akasema basi, hii nyumba inatafuta kitu cha kutundikwa.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani mbili kule mtaa wa Kamalondo, na kazi yangu kubwa ni kitenge: kujua ua kubwa la kitambaa liangukie wapi mwilini ili lisimchekeshe mtu kanisani. Kwa hiyo nilijiambia ukuta utanishinda nini? Ukuta hauna kiuno, haunenepi Desemba, haubadili mawazo siku ya kuja kuchukua.

Nilikwenda duka moja mjini nikanunua picha ya mnara wa Paris. Usiku, mvua, barabara inang'aa, na mwanamke mwenye mwavuli mwekundu anatupa mgongo. Walianza dola 90, tukaishia 65. Niliuchagua kwa sababu mwavuli ulikuwa na wekundu uleule wa mito ya viti vyetu. Nilifanya kama ninavyofanya kwa uzi na kitambaa, nikarudi nyumbani najisifu.

Usiku wa sita kikaanguka kitu kwa kishindo, mume wangu akatoka na panga. Hakukuwa na mwizi. Msumari wa chuma uliopigwa kwenye plasta changa ulikuwa umeteremka na kipande chake, tundu limebaki ukutani sawa na kisahani cha chai. Fremu, kumbe si mbao bali unga wa mbao uliogandishwa, ilikuwa imefumuka kwenye pembe zote nne. Lakini kilichoniuma si dola 65. Wiki ile tulipata wageni wengi, ndugu wa kuja kubariki nyumba, majirani, watu wa kwaya. Hakuna hata mmoja aliyesema neno juu ya ile picha. Wote: "Mumependeza." Ilipoondoka, hakuna aliyeuliza iko wapi.

Hapo nikaanza kukumbuka salo ya baba yangu.

Baba alikuwa mtu wa reli, tulikaa komini ya Kenya (si nchi, ni sehemu ya mji huuhuu wa Lubumbashi), salo yenyewe ndogo, ukinyoosha miguu unagusa meza. Lakini ilikuwa na tablo tatu, yaani picha za kuchorwa, zimetundikwa juu kabisa karibu na dari, zimeinama mbele kidogo kana kwamba zinatusikiliza. Ya kwanza ni Mamba Muntu, yule mwanamke mweupe wa majini mwenye mkia wa samaki na nyoka mwilini, anayeleta utajiri kisha anakudai. Ya pili ni Colonie Belge, koloni la Wabelgiji: mfungwa amelazwa chini, nguo yake ina mistari ya manjano na myeusi, askari mweusi ana fimbo mkononi, Mzungu wa kofia anasimama pembeni anatazama. Ya tatu ni Inakale. Mtu amekimbia simba, amepanda mti, na juu ya mti kuna nyoka. Akiangalia chini, mto una mamba. Hana pa kwenda. Yuko vile mpaka leo.

Mtu wa Lubumbashi wa umri wangu atanielewa. Nyumba nyingi za wafanyakazi wa mgodi na reli zilikuwa na mojawapo ya hizo, na wengine waliziita ukumbusho. Hazikuwekwa kwa ajili ya rangi za viti. Mgeni akikaa, macho yanapanda, na baada ya muda anaanza: "Babu yangu nayeye alipigwa vile, kule Union Minière…" Ndiyo ile kampuni ya migodi ya Wabelgiji. Chai inapoa. Sisi watoto tumejificha nyuma ya mlango, tunapata historia ambayo shuleni hatukuipata.

Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu ndiye aliyenionyesha kwenye simu kazi za Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mji huuhuu mwaka 1947, alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akauza kwa watu kama baba. Katikati ya miaka ya 1970 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi, tablo 101, na akamweleza kila moja kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki cha huku. Leo ziko Amsterdam. Yeye mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuonekana tena. Nilikaa na ile simu mpaka chaji ikaisha. Fikiria, kitu ambacho mama alikuwa anakipangusa na kanga kila Jumamosi!

Basi nikatangaza nyumbani: nataka tablo za namna ile.

Vita vikaanza. Mama mkwe, ambaye anakaa nasi, alisikia neno Mamba Muntu akaweka kikombe chini. "Ile kitu haitaingia mu nyumba ya mutoto yangu. Utaleta ule bibi wa mu maji, kesho uniulize kwa nini watoto wanaota vibaya?" Sikubishana. Kanisani kwake wanahubiri juu ya huyo bibi kila mwaka, na ukweli ni kwamba hata mimi utotoni nilikuwa sipiti peke yangu mbele yake usiku.

Colonie Belge aliikataa mume wangu. "Mimi sitakula bukari huku mtu anapigwa fimbo juu ya kichwa changu." Nikamwambia baba yangu alikula miaka ishirini. Akasema ndiyo maana baba yako alikuwa mkali. (Ana haki kidogo.)

Yeye alitaka ndege na samaki, na hapo tulielewana upesi. Kuna mkondo mwingine wa uchoraji hapa mjini, wa zamani kuliko tablo za baba: mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Hangar, akawaacha vijana wachore wanachokiona wao bila kuwaigisha Ulaya. Pilipili Mulongoy akatoka na ndege na samaki waliozungukwa na majani yaliyojazwa vinukta, Mwenze Kibwanga na vistari vyake vifupi vinavyofuatana kama mishono, Bela akichora kwa vidole bila brashi. Hizo za wenyewe hatuziwezi kwa bei. Lakini wapo wachoraji ambao bado wanafuata njia ile, na tumepata moja ya dola 25, samaki wanne wanazungukana kwenye maji ya kijani. Iko chumba cha kulala. Inatuliza, nakubali. Mistari ya namna ya Mwenze ningependa siku moja niishone kwenye kitambaa.

Shaba nayo siwezi kuiruka, maana nyumba ya Katanga, eneo letu hili la migodi, bila shaba watu watakuuliza wewe ni wa wapi. Nilinunua tablo ya shaba yenye tembo watatu. Fundi wake alinionyesha: karatasi ya shaba inalazwa kifudifudi juu ya lami laini, anaigonga kwa nyuma na nyundo na vyuma vidogo, na tembo anavimba kwa mbele. Kisha uso wote unatiwa weusi na kusuguliwa, ili mgongo wa tembo ung'ae na mashimo yabaki na giza. Niliitundika kwenye njia ya jikoni. Moshi na mvuke vikaifubaza kwa mwezi mmoja. Nikachukua limau na chumvi, kama mama alivyosafisha sufuria, nikasugua kwa bidii zote. Iling'aa kama jua! Ila na weusi wa mashimo nao ulitoka, na tembo wangu wakapotea. Sasa ukiwa mbali unaona sahani ya shaba. Lazima upitishe kiganja ndipo uhisi masikio. Mtoto ndiye anayependa hivyo, anawatafuta tembo kwa vidole amefumba macho.

Ikabaki Inakale. Hiyo hakuna aliyeikataa.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja anayechorea nyumbani kwake, mtaa wa Katuba, chini ya mwembe, turubai zimeegemezwa kwenye ukuta wa choo. Nilipomwambia ninachotaka alicheka. Siku hizi, alisema, wateja wanamletea picha za harusi kwenye simu awachore, Inakale hakuna aliyemwomba muda mrefu. Alinionyesha kitambaa tayari kimepakwa rangi nyeupe ya nyumba. Mimi, kwa mazoea, nikakigeuza nyuma kuangalia kitambaa chenyewe. Kilikuwa vipande viwili vya pamba vimeungwa kwa mkono, sindano kubwa, uzi wa nailoni, mshono umevutwa mpaka kitambaa kimekunjamana. Kwa mbele ungeona tuta dogo likipita katikati ya anga.

"Papa," nikamwambia, "mshono huu nani alifanya?"

"Ni mimi, mama. Macho yameisha."

Alikuwa amesema dola 50. Tulimaliza hivi: dola 30, na mimi nimuungie vitambaa sita kwa cherehani, mshono wa kulaza, usioonekana kwa mbele. Nilivishona usiku uleule umeme uliporudi, na kimoja kati ya vile sita ndicho alichochorea tablo yangu.

Mtoto nilikwenda naye siku ya pili. Alimtazama mzee akichora simba, kisha akauliza kama anaweza kumwekea yule mtu ngazi. Au kamba tu. Mzee akaweka brashi mdomoni, akafikiri kweli, si kwa kumdanganya mtoto. "Nikiweka ngazi," akasema, "si Inakale tena. Ni mutu anateremuka ku muti." Mtoto akaona ni haki. Akaomba basi mtu avae viatu, na viatu amewekewa, vyeusi, vya kamba.

Safari hii kutundika nilisimamia mwenyewe. Kwanza tulingoja, plasta mpya hata ikionekana kavu bado inatoa jasho, hasa mvua za kwanza zikianza. Tulitoboa kwa mashine mpaka kwenye tofali, tukaweka kidude cha plastiki na skrubu. Nyuma ya fremu nimegundisha vipande vinne vya vizibo vya chupa, kila pembe kimoja, ili hewa ipite na kitambaa kisishike ukungu. Dirisha liko upande mwingine, jua halifiki. Nilivaa mita yangu ya kushonea shingoni, nikapima katikati ya picha iwe mita 1.50 toka chini. Mume wangu akakaa kwenye kiti akasema mimi nakuona wewe, simba simuoni vizuri. Kweli, kwenye salo watu wamekaa. Tukateremsha mpaka 1.40. Baba angesema watoto wataishika, na wameishika. Kwenye mkia wa mamba kuna alama ya mafuta ya kidole.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunakula, bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Mama mkwe alikuwa ameketi upande wa kuitazama. Alikaa kimya muda mrefu, tukadhani ni usingizi. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu:

"Sisi tulikaa vile ku gare ya Likasi. Ku nyuma hatuwezi kurudia, treni haikuye."

Mume wangu aliacha kutafuna. Watu wa familia yake asili yao ni Kasai, eneo jingine la Kongo. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walipofukuzwa Katanga, maelfu walilala kwenye stesheni wakingoja treni. Hilo alilijua, kila mtu analijua. Alikuwa mtoto wa miaka minne. Lakini mama yake alikuwa hajawahi kusema neno moja juu ya stesheni ile, hata siku ya matanga ya baba mkwe. Aliendelea kidogo: maji waliyapata wapi, nani alikuwa na sufuria, na blanketi walivyolikata vipande viwili kwa kisu.

Mtoto alikuwa anaangalia tablo, halafu bibi, halafu tablo.

"Nkambo, na mamba alikuwa nani?"

"Kula bukari yako," akasema, akamwongezea sombe.