Sanduku la Bibi na Maji ya Pweza

Boti ya asubuhi kutoka Dar hadi Unguja ni mwendo wa kama saa mbili, na kusi likivuma saa mbili hizo hazina mwisho. Mfuko wa kutapikia unapewa bure. Maji ya kunywa unauziwa mara mbili ya bei ya mjini. Gatini Malindi hamali alitaka elfu kumi kwa begi tupu. Nikalibeba mwenyewe.

Siku tatu za arobaini ya Bibi zilipita kama siku za arobaini zinavyopita, kwa yasini, pilau na wageni kulala ukumbini. Kisa ni sanduku.

Bibi aliondoka na miaka 94. Alizaliwa Unguja ikitumia rupia, akaona shilingi, akaona Mapinduzi ya 1964, akaona miaka ya foleni kanga zilipokuwa za kugombewa. Miaka yote hiyo hakutoka mlangoni hovyo. Kanga ya juu ilikaa sawa na ya chini, na jina, yale maneno yake, lilisomeka nyuma, katikati, halikupanda upande wala kumezwa na mkunjo. Siri ilikuwa ndogo. Kabla ya kujifunga alikunja ukingo wa juu vidole viwili kuelekea ndani, pindo la chini likainuka na maneno yakakaa mahali pake. Ukijifunga kwanza ukavuta baadaye, kanga inapinda na hairudi.

Sanduku lake ni la mbao, limepigwa njumu za shaba. Shangazi alipoinua kifuniko, harufu ya udi ilitoka kabla ya nguo. Udi ule alipika mwenyewe. Sukari na maji kidogo huchemshwa kwa moto mdogo mpaka ziwe nzito na za rangi ya kahawia, ndipo vinatiwa vipande vya udi, unga wa sandali na marashi, na unakoroga bila kuondoka jikoni. Moto ukizidi sukari inaungua, na nguo zako zitanuka sufuria. Kufukiza nako kuna adabu yake. Makaa katika chetezo yawe yamevaa jivu, tenga lifunikwe juu yake, na kanga itandazwe ikiwa na unyevu kidogo, maana kavu kabisa haishiki harufu. Makaa mekundu hurusha cheche, na tundu la cheche halina dawa.

Tulitazamia doti. Tukakuta vipande 41, kila kimoja peke yake. Pindo zote zimeshonwa kwa mkono, lakini hakuna hata kimoja chenye mwenzake.

"Shangazi, vya pili viko wapi?"

"Watazame waliokaa barazani, mwanangu."

Nikachungulia. Bibi mmoja wa jirani alikuwa amejitanda "Wema hauozi", pindo la damu ya mzee, na mwenzake nilikuwa nimeishika mkononi. Mwingine kajifunga "Japo sipati tamaa sikati". Nikahesabu wanane kabla ya kuacha. Bibi akinunua doti aliikata siku ile ile, kipande chake, kipande cha mtu: aliyegombana na mumewe, aliyejifungua, aliyemkopa akashindwa kulipa. Hata zile za foleni alizikata. Basi kila alipotoka amependeza, mtaani kulikuwa na mwingine amependeza vile vile.

Nilipewa vipande sita. Tatizo lilianza wakati wa kurudi. Mwenye boksi la pweza aliliweka juu ya begi langu, barafu ikayeyuka, na boti ilivyokuwa inayumba maji yakapenya hadi ndani. Mwenyewe akasema pole, akahamia dirishani. Kufika Dar, kipande chekundu cha kisutu kilikuwa kimechuja juu ya vyeupe.

Kanga iliyochujiwa isikauke na doa lake, na isiguswe na pasi. Moto unaigandisha rangi. Nilitenga vipande sita katika mabeseni matatu, vyeupe mbali na vyekundu. Maji baridi, yanabadilishwa kila yakigeuka waridi. Nilibadilisha mara tisa. Ndipo sabuni ya mche, kwa kiganja, bila kusugua kwa nguvu, maana kanga nyepesi hulegea ikawa kama chandarua. Jiki usithubutu, italiondoa ua pamoja na doa. Uanikaji ni kivulini, upande wa ndani juu. Harufu ya pweza ilitoka kwa ndimu na upepo. Ya udi, cha kushangaza, ilibaki kwenye pindo, pale nguo ilipokunjwa mara mbili.

Dada wa jirani alinishauri vyote sita nivifungie kabatini viwe kumbukumbu. Sikubaliani naye. Bibi mwenyewe kanga aliitoa kazini hatua kwa hatua: mpya ya harusini, ikichakaa ya jikoni, ikilainika ya kubebea mtoto, mwisho kitambaa cha kushikia sufuria. Ya kufungiwa huishia kuliwa na mende.

Doa moja limekataa, waridi hafifu kama ukubwa wa kiganja, kwenye kona ya "Japo sipati tamaa sikati". Nikampigia Shangazi.

"Mwenzake yu hai, ataiulizia," akasema. "Jina linasomeka?"

"Linasomeka."

"Basi njoo nayo Idi. Na usimlipe hamali."