Valvu Husingiziwa: Kutafuta Hitilafu Katika Amplifaya ya Hedifoni za Umemetuli

Mara nyingi ninapoletewa amplifaya ya valvu (chupa za kioo zinazokuza mawimbi ya umeme) iliyoundwa nyumbani kwa ajili ya hedifoni za umemetuli, mwenye nayo huwa ameshanunua valvu mpya. Sauti ya upande mmoja imefifia, au kuna mngurumo usiokwisha, na jambo la kwanza alilofanya ni kuagiza jozi nyingine ya valvu aina ya 6SN7 kutoka ng'ambo na kukaa akisubiri mzigo. Kwa nilivyoona mimi, katika saketi hizi valvu hustahili kushukiwa mwisho kabisa. Makosa mengi hutoka kwenye rezista za bei ndogo, kwenye umeme wa kupasha moto kathodi, yaani sehemu ya ndani ya valvu inayotoa elektroni, na wakati mwingine kwenye mita yenyewe unayoitegemea ikuambie ukweli.

Hedifoni ya umemetuli haina sumaku wala koili. Ndani yake mna utando wa plastiki wenye unene wa mikroni moja au mbili, uliopakwa kitu kinachopitisha umeme kwa shida na kukazwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando hupewa chaji ya kudumu kwa volti za juu, kisha mabamba hupewa mawimbi ya muziki yanayopingana, ili bamba moja linapouvuta utando jingine liwe linausukuma. Kampuni ya Stax ya Japani ilitoa hedifoni yake ya kwanza ya aina hii, SR-1, mwaka 1960, na vipimo vyake ndivyo wengi wetu tunavyovifuata hadi leo: volti 580 za utando kwa soketi ya Pro yenye pini 5, na volti 230 kwa soketi ya zamani yenye pini 6.

Kwa amplifaya, mzigo huu haufanani kabisa na spika. Hedifoni pamoja na waya wake ni kapasita ndogo ya takribani pikofaradi 110, na hivyo ukinzani wake hubadilika kufuatana na masafa: kwenye hezi 10,000 ni kiloomu 145 hivi, na kwenye hezi 20,000 hushuka hadi kiloomu 72. Ukitaka volti 300 kati ya mabamba mawili kwenye masafa hayo ya juu, mkondo unaohitajika hufika karibu miliampea 6 kwenye kilele cha wimbi. Muziki halisi hauna nguvu kiasi hicho huko juu, lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini amplifaya yenye volti nyingi na mkondo hafifu husikika tamu kwenye sauti ya mwimbaji, kisha ikakwaruza pale matoazi yanapogongwa kwa nguvu.

Wengi huweka rezista ya kiloomu 50 kwenye anodi, yaani sehemu inayopokea elektroni, ya kila valvu ya mwisho. Kwa umeme wa volti 350 chanya na 350 hasi, huku anodi ikikaa karibu na sifuri, rezista hiyo hupitisha miliampea 7 wakati hakuna muziki. Tatizo ni kwamba muziki unapopanda rezista yenyewe hunyang'anya sehemu kubwa ya mkondo huo kabla hedifoni haijapata chake. Ndiyo sababu mimi hupendelea chanzo cha mkondo thabiti kinachotengenezwa kwa transista za MOSFET mahali pa rezista, hata kama wenzangu wanaoshikilia kwamba kila kitu kiwe valvu hunicheka. Miliampea zile zile 7 sasa huenda karibu zote kwenye mzigo. Ila transista hizo zina mtego wake: bati la mgongoni hubeba volti 350, ilhali bamba la kupozea joto limeungwa kwenye eathi, na kinachovitenganisha ni kipande cha maika, madini yasiyopitisha umeme. Kabla sijawasha chochote hupima kati ya viwili hivyo, kwa sababu chembe moja ya chuma iliyobaki baada ya kutoboa tundu inatosha kupenya maika na kuleta shoti.

Kuhusu hatari, naona watu wanaogopa mahali pasipo penyewe. Volti 580 za utando hupita kwenye rezista ya megaomu 4.7 au zaidi, kwa hiyo hata ukigusa upande wa soketi mkondo wake ni kama sehemu ya kumi ya miliampea tu. Penye kifo ni kwenye zile laini mbili za volti 350, ambazo kati yake ni volti 700 zenye kapasita kubwa nyuma yake. Kapasita ya mikrofaradi 100 kwenye volti 350 huhifadhi jouli 6, na hukaa nazo muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa. Huweka rezista mbili za kiloomu 100, za wati moja kila moja, zikiwa zimefuatana juu ya kila kapasita. Baada ya dakika mbili hubaki chini ya volti moja. Hata hivyo hupima kwanza, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo, kwa kuwa rezista hizo nazo huweza kukatika bila kuonyesha dalili.

Sasa kuhusu mita. Mwenzangu wa Mombasa aliniandikia hivi: "Kaka, volti za utando zimelala. Napata 395 badala ya 580, na nishabadilisha dayodi zote." Alikuwa tayari kuongeza ngazi nyingine kwenye kizidishi cha volti, saketi ya dayodi na kapasita inayopandisha volti za utando, ili afikie kiwango. Nilimwuliza amepima wapi, akajibu kwenye pini ya soketi. Mita ya kidijitali ya kawaida ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Ukiiunga baada ya rezista ya megaomu 4.7 unakuwa umetengeneza kigawanyo cha volti, na 580 mara 10 gawanya kwa 14.7 ni karibu 395. Kifaa chake kilikuwa kizima. Lau angeongeza volti hadi mita isome 580 pale kwenye pini, utando ungekuwa unapokea zaidi ya volti 850 pindi mita inapoondolewa, na cheche zingeanza kuruka kati ya utando na mabamba. Volti hizo hupimwa kabla ya rezista, kwenye kapasita ya mwisho ya kizidishi, na kwa mita inayoruhusiwa kupima volti 1,000.

Rezista zenyewe zina siri ambayo haiandikwi kwenye rangi zake. Tumezoea kuzichagua kwa omu na wati, tukisahau kwamba kila moja ina kikomo cha volti: za robo wati kwa kawaida ni volti 250, na za nusu wati 350. Chukua rezista ya megaomu moja inayorudisha sauti kutoka kwenye anodi ya mwisho hadi mwanzo wa saketi. Kwa volti 300 hutumia chini ya sehemu ya kumi ya wati, kwa hiyo ya robo wati huonekana inatosha na kubaki. Baada ya miezi kadhaa ya kubeba volti zisizo za kiwango chake thamani yake huanza kuhama, nusu moja ya amplifaya ikakuza kuliko nyingine, na volti za anodi mbili zikaachana. Mwenye nayo hubadilisha valvu, akarekebisha ulinganifu kwa kinobu, akafurahi kwa wiki moja, kisha tatizo likarudi. Kuunga rezista tatu ndogo zikifuatana mahali pa moja humaliza jambo hilo kwa gharama ya senti.

Hitilafu iliyonisumbua zaidi kuielewa ni ya umeme wa kupasha moto. Katika mpangilio niliouelezea, kathodi za valvu za mwisho hukaa jirani na volti 340 hasi. Waya wa kupasha moto wa 6SN7, ambao hutumia volti 6.3 na ampea 0.6, umekaa ndani ya kathodi hiyo ukitengwa na tabaka jembamba tu, na hata toleo lake la baadaye, GTB, linaruhusu tofauti isiyozidi volti 200 kwenye kilele kati ya viwili hivyo. Ukiunga waya huo kwenye eathi kwa mazoea ya amplifaya za spika, tofauti inakuwa 340. Mara nyingi hakuna kinacholipuka. Umeme huvuja kidogo kidogo, mngurumo wa hezi 50 hujitokeza kadiri valvu inavyopata moto, na volti za anodi husogea bila mpangilio. Dawa yake ni koili ya pekee kwenye transfoma kwa ajili ya valvu za mwisho, iegemezwe kwa rezista kwenye laini ile hasi, wakati valvu za mwanzo zinabaki na koili yao. Transfoma isiyo na koili mbili za namna hiyo mimi siinunui, hata iwe rahisi vipi.

Mngurumo wa hezi 100, ulio oktavu moja juu, ni habari nyingine: hutoka kwenye uchujaji wa umeme baada ya dayodi. Kabla ya yote funga njia ya kuingizia sauti kwa shoti. Mngurumo ukinyamaza, ulikuwa unaletwa na waya au kifaa cha nje.

Hedifoni haichomekwi mpaka vipimo vimetulia. Mahali pake huunga kapasita ya pikofaradi 100 ya volti 1,000 kwa kila upande, nikasubiri kifaa kipate moto, nikahakikisha kila anodi iko ndani ya volti chache za sifuri. Valvu zikiwa bado baridi, vyanzo vya mkondo thabiti huzisukuma anodi zote hadi volti 350, na kwa kuwa valvu haziamki pamoja, bamba moja huweza kuuvuta utando hadi ukagusana nalo. Kwa hiyo hata baada ya ujenzi kukamilika, plagi ya hedifoni hungoja.

Sisi wa pwani tuna jambo jingine la kuzingatia. Hapa Tanga wakati wa masika unyevu wa hewa husaidia chaji kuvuja kutoka kwenye utando, na upande mmoja wa hedifoni hufifia ingawa amplifaya haina kosa lolote. Badilisha nyaya za kuingizia sauti, kushoto kwenda kulia, kisha hamisha valvu za kila upande ziende upande wa pili. Sauti hafifu ikibaki sikio lile lile, na volti za utando zikiwa sawa, iweke hedifoni kwenye kasha lililofungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu kwa siku mbili tatu kabla hujaifungua.

Baada ya hayo yote ndipo zamu ya valvu inafika. Igonge taratibu kwa kijiti cha mbao huku ukisikiliza; ikitoa mlio wa kengele au mkwaruzo, ihamishie upande wa pili, na mkwaruzo ukihama nayo, agiza nyingine. 6SN7 uitafute ya GTB, inayoruhusu volti 450 kwenye anodi, kwa sababu ile ya awali mwisho wake ni 300. Mwenye sanduku dogo atumie 6FQ7, ambayo Stax wenyewe waliiweka kwenye amplifaya yao ya SRM-T1. Tabia zake ni karibu sawa na za 6SN7, ila kikomo chake cha volti 330 kinakulazimu kushusha laini zile mbili kidogo.