Ile 404 ya Katuba, ninunue ao niache?

Kuko motokari moja Peugeot 404 huku Katuba, mu Lubumbashi, ya papa moja, haijaguswa na fundi wa rangi hata siku moja, na mi niko naiwaza usiku na muchana. Umbo yake ilichorwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya kuchora motokari, ilianza kuuzishwa Ufaransa mu 1960, na levye ya vitesi iko pale ku volani, kitu kizuri sana! Papa anasema "mwanangu, moteri iko muzima". Sawa papa, lakini moteri inatengenezeka, minaogopa kutu, juu ile motokari haina shasi ya kuachana na bodi, bodi njo inabeba yote, na turnevisi niliisukuma chini ya mulango ikaingia bila nguvu. Tutaiinua ku garaji kwanza, kama chini kunashika nanunua, na ile rangi iliyochakaa naiacha vile vile, rangi ya kiwanda ukiitosha hairudi.