Nilivyompeleka mama Unguja wakati wa masika

Mama yangu analima uwele na mtama Chamwino, Dodoma. Mkulima wa Ugogoni ana upenyo mmoja tu wa kusafiri bila wasiwasi: mwishoni mwa Aprili, palizi imekwisha na mavuno bado. Nilipoamua kumpeleka akaione bahari, shamba ndilo lililotupangia tarehe, na tarehe hiyo kule Unguja ni masika yenyewe. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote kisiwani. Kila niliyemwambia alinishauri ningoje Julai. Julai mama anapura nafaka, na bei za vyumba pwani huwa zimepanda mpaka mfuko wangu haufiki.

Kwa hiyo sikujisumbua kuuliza kama mvua itanyesha. Itanyesha. Niliuliza mambo matatu: mwezi utakuwa wapi, upepo unatoka upande gani, na nyumba tutakayofikia inavuja au haivuji.

Mwezi ndio uliokuwa muhimu zaidi. Upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Michamvi, Bwejuu, Paje na Jambiani mpaka Makunduchi, bahari hukupwa ikaenda mbali mno. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na tofauti ya maji kupwa na kujaa hufika kama mita nne. Siku hizo maji hukauka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa tena saa kumi jioni. Siku za maji mafu, katikati ya mwezi kuandama na mwezi mpevu, maji hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Nilitaka mama atembee juu ya mchanga ulioachwa na maji asubuhi, aingie baharini jioni. Nikapanga tufike mwezi unapoandama. Jedwali la maji kujaa na kupwa lipo kwenye simu, na mvuvi yeyote atakwambia bila hata jedwali.

Kuhusu upepo, Aprili kaskazi imeshakwisha na kusi inaanza. Kusi hupiga moja kwa moja pwani ya mashariki, huleta mawimbi na kutupa majani ya bahari ufukweni kwa mafungu. Anayetaka maji yaliyotulia na mchanga mweupe usio na jani, bora aende Kendwa, kaskazini magharibi, ambako kisiwa chenyewe kinakinga upepo na maji hayakupwi mbali. Mimi nilichagua Jambiani hata hivyo, kwa sababu ya kilimo cha mwani. Nilijua mama hatakaa kwenye kiti kutazama mawimbi siku nzima. Atataka kuona watu wanafanya kazi gani.

Nyumba niliitafuta kwa simu. Hoteli nyingi za pwani hufunga Aprili na Mei kwa ukarabati, kwa hiyo swali la kwanza ni kama wako wazi kweli na mpishi yupo. Kisha niliuliza paa ni la makuti au la bati, na makuti yameezekwa upya lini. Chandarua kipo? Umeme ukikatika kuna jenereta? Njia kutoka barabara ya lami mpaka mlangoni inajaa maji? Mama mmoja wa Jambiani, mwenye vyumba vichache nyuma ya nyumba yake, alinijibu yote kwa utulivu, akanipa bei karibu nusu ya ile ya Agosti kabla sijaomba punguzo.

Safarini nilihakikisha hakuna siku iliyobanwa na nyingine. Tulishuka Dodoma hadi Dar kwa treni ya umeme, tukalala kwa shangazi, tukavuka kesho yake kwa boti ya asubuhi, kwa sababu asubuhi bahari mara nyingi huwa tulivu kuliko mchana. Wakati wa kurudi pia niliacha siku nzima ya akiba Mjini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti kati ya Dar na Zanzibar zilisimamishwa, na waliokuwa na safari ya kuunganisha siku hiyohiyo walibaki bandarini. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa niliisoma kila jioni. Kwenye boti tulikaa chini, katikati, kuelekea nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo, na mama akatafuna tangawizi mbichi njia nzima. Hakutapika.

Usiku wa kwanza mvua ilinyesha kwa kishindo. Nilipoamka alfajiri nilimkuta mama barazani, amejifunga kanga mbili, anatazama baharini.

"Mwanangu," akasema, "mvua yote hii inaangukia majini?"

Kwa mtu anayehesabu mawingu tangu Desemba hadi Machi ili uwele utoe suke, lile lilikuwa jambo la kuumiza. Alilisema tena mara kadhaa siku zile.

Ilipofika saa tatu anga lilikuwa limefunguka. Hivyo ndivyo siku nyingi zilivyokwenda: mvua usiku au alfajiri, kisha saa kadhaa za jua kali. Maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake wa kijiji wameshatoka na magunia. Mwenyeji wetu alitupeleka mpaka kwenye shamba lake la mwani: safu za vigingi, kamba zimetandazwa katikati, na kila shada limefungwa kwa taitai, yaani kijikamba chembamba. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu mwanzo wenyewe ni wanawake hasa. Mama aliinama, akashika shada moja, akageuza.

"Dada, huu mnaupalilia?"

"Tunaupalilia. Yapo majani mengine yanauparamia, tunayatoa kwa mkono."

Basi. Kuanzia hapo mimi sikuwa na kazi. Walizungumza mpaka maji yalipoanza kurudi, wakiwa wamezama mpaka magotini. Mama alielezwa kwamba ule mwani mnene wenye bei nzuri hufa maji yakizidi joto, ndiyo maana wengi wamebaki na mwembamba. Akaelezwa kwamba masika shida kubwa ni kuanika: mwani unahitaji jua la siku mbili tatu, na ukinyeshewa ukiwa chanjani unapoteza ubora na bei inaanguka. Mama naye akasimulia uwele unavyoshambuliwa na ndege kwelea ukikaribia kukomaa. Agosti, kijiji kikiwa kimejaa wageni na mwenyeji akikimbizana na vyumba, mazungumzo yale yasingepata nafasi. Naamini hivyo kabisa, na ndiyo sababu ningeichagua tena masika hata fedha isingekuwa tatizo.

Jioni maji yalijaa. Mawimbi makubwa yalivunjikia kwenye mwamba, mbali, na huku ndani palikuwa na msukosuko mdogo tu. Mama aliingia na kanga yake, maji yakiwa na joto la kutosha, nami nimemshika mkono. Majani yalikuwapo, ndiyo. Unayasukuma pembeni unaendelea.

Siku moja mvua haikukatika tangu asubuhi hadi usiku, na wavuvi hawakutoka. Tuliishinda jikoni. Samaki hakuna, kwa hiyo tulikula pweza aliyechokolewa mwambani siku iliyotangulia, kwa nazi, na muhogo. Mama alijifunza kukuna nazi kwa mbuzi, akawa anamuuliza mwenyeji kwa nini asipande mtama ile ardhi ya nyuma. Jibu ni kwamba ni jiwe tupu, na alionyeshwa.

Njiani kurudi Mjini tulipita Jozani kuwaona kima punju, ambao asili yao ni Unguja pekee. Mvua ikikatika tu, wanashuka kula majani machanga, na wewe unaliwa na mbu. Vaa mikono mirefu.

Mji Mkongwe wakati wa mvua unahitaji kandambili zisizoteleza. Vichochoro hugeuka mifereji, na hapo ndipo mabaraza ya mawe yaliyojengwa kando ya kuta yanapofanya kazi yake nyingine: watu hupita juu yake. Mama alipita juu ya mabaraza akiamkiwa na wazee waliokuwa wameketi, akasogezewa miguu, akafika Darajani bila kulowa ndala. Tukala urojo wa moto. Siku ya akiba haikuhitajika, boti zilikuwa zinatembea, tukaitumia kulala.

Yeye na mwenyeji wetu wanapigiana simu kila wiki sasa. Mama amemwalika Chamwino mwezi wa Juni, wakati wa mavuno, na amekubali. Tiketi ya treni nitamkatia mimi, na nimeshamwambia aje na sweta.