Kabla hamjaucheza Kijiti

Usiku mmoja mwezi uliopita, nimeshafunika cherehani na kuzima taa ya mbele, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ni mtoto wa kaka yangu, anakaa Mbagala, na wenzake walikuwa wanamwandalia rafiki yao kicheni pati. Ameandika hivi: "Shangazi shikamoo. Tunataka nyimbo za zamani za pwani, zile za kina mama. Tumepata Muhogo wa Jang'ombe na Kijiti, zote kaimba Bi Kidude. Zina maana gani? Maana tutazicheza, tusije tukaumbuka."

Nikamwitikia marahaba, kisha nikabaki na simu mkononi. Wimbo wa kwanza ulinifurahisha. Wa pili ulinichoma. Nikamwambia anipe siku mbili nimwandikie vizuri, na nilipoanza kuandika nikaona wako wengi wanaouliza kama yeye.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, mwaka 1978, na aliyenifundisha kusikiliza wimbo ni shangazi yangu, dada wa baba. Hakukaa akanieleza. Nilimtazama tu.

Mwaka 1989 alinichukua kwenye harusi, usiku, kwenye ukumbi uliojaa kina mama hadi mlangoni. Taarabu ya Tanga siku zile haikuwa na safu ndefu za fidla kama ya Unguja. Ilikuwa gitaa, besi, kodiani, ngoma, na sauti ya mwanamke mbele. Mwimbaji akaanza wimbo wa paka. Paka wa jirani, kazoea kulala jikoni kwa watu, akifukuzwa mlangoni hupitia dirishani, na mwenye nyumba anaulizwa: mboga yako unajua nani anaila? Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na kwetu palikuwa na paka wa namna hiyo hiyo, kwa hiyo nikasikiliza kwa makini, nikimhurumia mwenye mboga.

Ilipofika kwenye kibwagizo shangazi akasimama. Akachomoa noti kwenye pindo la kanga kifuani, akainyanyua juu ya kichwa kwa vidole viwili, akaanza kwenda kutunza. Lakini hakwenda moja kwa moja kwa mwimbaji. Alipita safu ya tatu, akapunguza mwendo mbele ya mama mmoja aliyevaa baibui, kiuno kikienda na besi, noti ikipepea, na wakati wote ule hakumtazama yule mama hata kwa pembe ya jicho. Ndipo akapanda mbele akaitua ile noti mkononi mwa mwimbaji. Ukumbi ukapasuka kwa vigelegele. Mwimbaji, ambaye kazi yake anaijua, akalirudia lile beti. Na yule mama wa baibui naye akainuka, noti yake kubwa kuliko ya shangazi, akapita njia ile ile kwa kurudi nyuma, akapunguza mwendo mbele yetu.

Njiani kurudi nyumbani nikauliza, "Shangazi, paka ni nani?"

Akaniuliza, "Umesikia jina la mtu pale?"

Sikusikia.

"Basi hakuna wa kunishitaki."

Nimelibeba jibu lile zaidi ya miaka thelathini. Mtunzi wa wimbo ule labda alikuwa na paka wake moyoni, mtu wake aliyemuudhi, na huenda hakuwahi kufika Ngamiani. Hilo halikumzuia shangazi. Aliposimama na noti, paka akawa wa kwake. Yule mama aliposimama, paka akageuka akawa shangazi. Wimbo mmoja, beti moja, dakika tano, na tayari maana mbili zinazopigana, na wote ukumbini wanazisoma zote mbili bila kuambiwa. Ndiyo maana nasita mtu anaponiambia amepata "maana halisi" ya wimbo wa taarabu. Halisi ya nani? Ya aliyeandika, ya aliyeimba, au ya aliyekwenda kutunza?

(Walipatana, kama mnataka kujua. Miaka sita baadaye shangazi alimpelekea doti ya kanga yenye jina Wagombanao ndio wapatanao, na yule mama akaivaa Idi.)

Sasa muhogo. Jang'ombe ni mtaa wa Unguja, ng'ambo ya Mji Mkongwe. Msemaji ndani ya wimbo anasema huo muhogo hajauramba hata mwiko, yaani hajaonja hata kile kilichobaki kwenye kijiko cha kupakulia. Mara anaruka kwenye methali tuliyolelewa nayo, ya kutowatukana wakunga na hali uzazi ungalipo. Watu wengi huishia kwenye muhogo, wakacheka, wakaona wamelipata fumbo. Sikatai, muhogo ule una kicheko chake cha chumbani, na Bi Kidude alikuwa somo aliyewafunda wari kwa ngoma ya unyago. Hakuona haya mambo hayo. Ila uzito wenyewe uko kwa wakunga. Mkunga ni yule anayekuzalisha, siyo kungwi, msiwachanganye. Mwanamke anayewadharau wenziwe leo ndiye kesho atakayelala mkekani usiku wa manane akiwaita kwa majina. Ukiunganisha na mwiko ambao haujarambwa, unamsikia mtu akimwambia mwingine: hujaonja, hujazaa, njia bado ndefu, chunga mdomo wako. Kwa bibi harusi hakuna wimbo bora zaidi. Huo nikamwandikia mwanangu auweke, na auweke mapema.

Mimi ni fundi wa nguo, kwa hiyo kuna neno jingine nililichelewa kulielewa, na nililielewa kwa sababu ya kazi yangu. Siti binti Saad, kabla Bi Kidude hajajulikana, alitoka Fumba akiuza vyungu, akaingia mjini mnamo 1911, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akaenda Bombay na wenzake kurekodi santuri. Alipopanda, watu walimtungia wimbo wa kumshusha. Walimuuliza amekuwa mtu lini, yeye aliyekuja mjini na kaniki, na kama si sauti angekula nini. Nilipousikia shuleni nilidhani wanamcheka umaskini tu. Baadaye, nimeshaanza kushika mkasi, bibi mmoja mteja wangu alinishikisha kipande cha kaniki cha zamani: kitambaa kizito cha buluu iliyokaribia weusi, hakina ua wala jina. Akaniambia hiyo ndiyo waliyovaa watumwa na watu wa shamba, na utumwa ulipokwisha wanawake waliikimbia wakaingia kwenye kanga yenye rangi na maneno. Hapo tusi lote likafunuka mkononi mwangu. Kumwambia Siti "kaniki" kulikuwa kumwambia wewe ni uzao wa watumwa, rudi ulikotoka, na aliyesema hakulazimika kulitamka neno utumwa. Nguo ilisema. Jibu la Siti nalo halikumtaja mtu: kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Shaaban Robert aliyahifadhi hayo katika wasifu wake wa Siti, na mimi kila nikikata kitambaa cha buluu nzito nayakumbuka.

Haya, Kijiti.

Wimbo huu ulikuwa wa Siti kabla ya kuwa wa Bi Kidude. Na vijana wanaosaka mafumbo wanapousikia, hulitafuta fumbo kwenye jina. Nimeshaambiwa na watu watatu tofauti kwamba kijiti ni kile cha kupokezana kwenye mbio, kwamba wimbo unahusu kuachiana mwanamume. Nimeambiwa pia kitu cha aibu zaidi, sitakiandika. Jamani, Kijiti ni mtu. Ni jina la mwanamume aliyeishi Unguja miaka ya 1920, na wimbo umemtaja waziwazi ili asisahaulike. Kwenye jina hakuna cha kufumbua. Kawaida ya taarabu ni kumficha mtu nyuma ya paka, ya nazi, ya muhogo. Siti alipoamua kulivunja zoea hilo na kuliweka jina la mtu mstari wa kwanza, alikuwa na sababu.

Sababu ni hii. Mwanamke alivuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, mgeni, akafikia kwa wanawake wenzake. Kijiti akamshawishi, wakatoka usiku kwenda kwenye ngoma, na pombe ilikuwapo. Kule nje alimharibu na kumuua. Kisha akavuka maji kwenda bara, akaponyoka. Wale wenyeji wa mgeni wakajitokeza kutoa ushahidi mahakamani, mbele ya hakimu wa serikali ya Kiingereza, na lawama zikawageukia wao: pombe mlileta ninyi. Muuaji hayupo, mashahidi wakaadhibiwa. Wanawake wa Ng'ambo hawakuwa na pa kukata rufaa. Wakabaki na wimbo.

Fumbo la wimbo huu liko kwenye neno moja dogo ambalo kila mtu hulipita, foliti. Siti anasema yule bwana alimchukua mgeni wa watu kumchezesha foliti, kisha akaenda naye maguguni, akamrejesha maiti. Foliti ni mchezo wa watoto, kukimbizana na kujificha, mmoja anatoroka na mwingine anamfuata. Sote tumecheza. Sasa kaa uifikirie picha hiyo: mwanamke anakimbia gizani, mwanamume nyuma yake, na wimbo unauita mchezo. Siti hakusema "alimbaka". Alichukua neno la utotoni, lenye vumbi la uwanjani na vicheko, akaliweka pale palipo na kitisho kikubwa kuliko vyote, na sauti yake haikutetemeka. Mara ya kwanza nilipolisikia neno lile kwa masikio ya mtu mzima nilisimamisha cherehani. Nilikuwa nimeshausikia wimbo huo mara mia.

Hata matamko yenyewe ya kuanza, ya kuwaita watu watazame, watazame aliyoyafanya Kijiti, nayasikia kama mtu anayetoa ushahidi mahali ambapo hakimu hayumo. Mahakama ilikwisha funga. Santuri ikaendelea kuzunguka.

Najua yako mafumbo mepesi zaidi, na hayana ubaya. Marehemu Remmy Ongala alipoimba soksi, sisi wadogo tulidhani soksi za shule, kumbe anawahimiza watu kutumia kondomu wakati ukimwi ulipoanza kutumaliza. Redio ya taifa haikutaka kuupiga, na bado mtaani kila mtu aliujua. Na miaka ya tisini Khadija Kopa na Nasma Khamis walipokuwa wakirushiana mipasho, mmoja kundi la TOT na mwingine kundi la Muungano, tulijaa kumbini kusikia nani kajibiwa nini. Niliipenda mipasho ile kwa moyo wote. Ila kila mmoja alijua kombora limeelekezwa wapi, na nazikumbuka zaidi nyimbo zilizomwachia shangazi yangu nafasi ya kusimama.

Hayo ndiyo niliyomwandikia mwanangu, kwa urefu wote huu. Nikamalizia: Muhogo chezeni mpaka mchoke. Kijiti msiuondoe, ila msiucheze. Upigwe watu wamekaa.

Akanipigia asubuhi yake, sauti imeshuka. "Shangazi, sisi tulikuwa tumeshautungia hatua za kucheza."

"Wekeeni wimbo mwingine hizo hatua."

Jumamosi nikaenda, nimeshona mwenyewe gauni la bibi harusi la kuagia. Muhogo ulipopigwa kina mama walimzunguka binti wakimnyooshea vidole kwenye ile sehemu ya wakunga, naye akicheka na kufunika uso. Baadaye, pilau ikipakuliwa na watu wameketi, yule kijana wa muziki akaweka Kijiti. Meza za mbele waliendelea kula na kuzungumza. Meza yetu alikuwepo bibi mzaa mama wa bibi harusi, kazaliwa Makunduchi, hasikii vizuri sikio moja. Hakuna aliyemweleza chochote. Wimbo ulipofika kwenye foliti akaweka kijiko kando ya sinia, akaufuta mkono kwa ncha ya kanga.

"Alikuwa mja mzito yule mgeni," akasema.

Mabinti wawili waliokuwa wakigombea achari wakanyamaza. Mmoja akamsogelea upande wa sikio zima, akauliza, "Mgeni gani, bibi?"